Sura ya Tano: Taa Iliyonyamaza

Ufunguo unageuzwa hatua moja. Kwenye paneli ya dizeli ndogo ya Yanmar, kama zile za mfululizo wake wa GM ambazo tangu miaka ya 1980 zimefungwa kwenye mashua nyingi za matanga duniani, king'ora huanza kulia papo hapo, kabla injini haijazunguka hata mara moja. Mgeni hushtuka. Mwenye boti wala hageuki. Macho yake yako kwenye alama mbili nyekundu, birika la oili na betri, ambazo saa hiyo zinatakiwa ziwe zinawaka. Ya tatu, kipimajoto kilichozama kwenye mawimbi, inatakiwa iwe imezimika.

Asubuhi moja birika halionekani. Betri inawaka, kipimajoto kimezimika kama ilivyo ada, lakini pale penye birika pana kioo cheusi tu. Kitufe kinabonyezwa, injini inashika mara moja, moshi kidogo unatoka, maji ya kupoza yanatapikwa nyuma vizuri. Hakuna taa nyekundu hata moja. Paneli inaonekana safi kuliko siku zote.

Na hapo ndipo penye kasoro. Redio ikiharibika hunyamaza, na mwenye nayo anajua imeharibika. Pampu ya ngama ikifa, ngama hujaa na miguu ikalowa. Taa ya tahadhari haina bahati hiyo: ikiungua, inafanana kabisa na taa nzima ya injini yenye afya tele. Tofauti kati yao huonekana kwa sekunde chache tu kwa siku, baina ya kugeuza ufunguo na kubonyeza kitufe, na katika sekunde hizo watu wengi wanatazama kamba za gatini au wanamwambia mtoto akae chini.

Taa hizi hazikuzaliwa baharini. Miaka ya 1930 kampuni ya magari ya Hudson, ya Detroit, iliondoa geji za oili na za chaji kwenye baadhi ya magari yake ikaweka taa nyekundu mahali pake. Hoja ilikuwa kwamba dereva wa kawaida haangalii mishale ya geji, lakini taa nyekundu ikiwaka mbele ya uso wake ataiona. Taa pia ilikuwa rahisi kutengeneza. Wamarekani wenye kujua injini wakazidharau, wakazipa jina la taa za wajinga, na jina hilo limezifuata hadi leo.

Dharau hiyo ina haki kiasi. Geji husimulia: mgandamizo wa oili ulikuwa bar 4 jana, leo ni 3, wiki ijayo huenda ukawa mbili na nusu, na fundi akaanza kuuliza maswali mapema. Taa haisimulii chochote. Swichi ya oili ya kawaida huwasha taa pale mgandamizo unapoanguka hadi chini ya nusu bar hivi, na injini inayozunguka kwa kasi ikifika hapo, beringi zake zimeshaanza kusagana chuma kwa chuma. Kwa hiyo taa ya oili hailingani na mzee anayekohoa mlangoni kuashiria kwamba anakuja. Inalingana zaidi na jirani anayegonga dirisha usiku wa manane, nyumba ikiwa tayari inaungua. Jirani wa namna hiyo akiwa bubu, hasara ni kubwa.

Fundi umeme mzoefu anapoitwa kuangalia taa kama hii haanzi na oili. Anajua kwamba taa haijawahi kuiona oili. Kinachoiwasha ni njia ya umeme tu: umeme unatoka betri, unapita kwenye fyuzi, unapanda hadi kwenye ufunguo, unaingia kwenye balbu, unashuka kwa waya mwembamba hadi kwenye swichi ndogo iliyofungwa ubavuni mwa injini, na kutoka hapo unarudi upande hasi wa betri kupitia chuma cha injini chenyewe. Injini ikiwa imelala, hakuna mgandamizo, swichi imefunga njia na taa inawaka. Injini ikiamka, oili inasukuma kiwambo ndani ya swichi, njia inakatika na taa inazimika. Basi. Taa inasema kama njia imekamilika au haikukamilika, na sisi ndio tunaotafsiri kwamba oili ipo au haipo.

Kosa la kuchanganya mambo hayo mawili limewahi kutia hasara kubwa kuliko injini yoyote ya boti. Tarehe 28 Machi 1979, katika kituo cha nyuklia cha Three Mile Island, Pennsylvania, vali moja ilikwama ikiwa wazi. Taa yake kwenye chumba cha uendeshaji ilikuwa imezimika, na waendeshaji wakaamini kwamba vali imefungwa. Lakini taa ile ilifungwa ieleze kama umeme unaoishikilia vali umekatwa. Umeme ulikuwa umekatwa kweli. Vali yenyewe ilibaki wazi kwa zaidi ya saa mbili, maji ya kupoza yakivuja, na sehemu ya kiini cha mtambo ikayeyuka.

Turudi kwenye birika. Njia yake ina vituo vichache, na uzuri wa mzunguko huu ni kwamba unaweza kukatwa katikati kwa kipimo cha nusu dakika. Injini imezimwa, ufunguo umewashwa. Swichi ya oili ni kidude cha ukubwa wa kidole gumba kilichosokotwa kwenye chuma cha injini, kina waya mmoja kichwani. Waya huo unachomolewa na ncha yake inaguswa kwenye chuma safi cha injini, kisichopakwa rangi. Taa ikiwaka, kila kitu kuanzia betri hadi kwenye ncha ile ni kizima, na mgonjwa ni swichi yenyewe, au ile sehemu ndogo ya kutu kati ya waya na kichwa chake. Isipowaka, swichi inaachwa kwanza, kwani tatizo liko juu zaidi.

Tahadhari moja lazima isemwe hapa kabla mtu hajakimbilia ngamani na koleo. Kipimo hiki ni cha nyaya nyembamba za swichi za taa tu. Ule waya mnene unaotoka nyuma ya alteneta umeungwa na betri muda wote, ufunguo uwe umewashwa au umezimwa; ukiguswa kwenye chuma unapiga shoti yenye cheche za kuunguza mkono. Na boti ya petroli ni ya kupewa hewa kwanza, mifuniko wazi na feni ikizunguka, maana mvuke wa petroli ni mzito, hukaa chini ngamani, na cheche moja inautosha.

Juu kwenye paneli, kipimo cha pili hakihitaji hata chombo. Balbu ya oili inachomolewa, inawekwa mahali pa balbu ya betri, na ya betri inawekwa pa oili. Ugonjwa ukihama na balbu, dawa ni balbu mpya. Ukibaki palepale, balbu haina kosa, na sasa ndipo multimita inapotolewa mfukoni. King'ora nacho ni shahidi. Katika paneli nyingi kinatumia njia ileile ya swichi ya oili. Kwa hiyo birika likiwa jeusi huku king'ora kinapiga kelele, njia ya chini ni nzima na balbu ndiyo iliyoungua. Vikinyamaza vyote viwili, pa kutazama ni waya, swichi, au umeme unaoingia kwenye paneli.

Kuna kipimo kingine ambacho injini nyingi za dizeli humpa mwenyewe kila siku bila malipo, naye hukiona kero. Dizeli ya aina hii huzimwa kwa kuvuta waya unaokata mafuta, ufunguo ukiwa bado umewashwa. Injini inapolala, mgandamizo unaanguka, birika linawaka na king'ora kinalia mpaka ufunguo uzimwe. Kelele hiyo ni uthibitisho kwamba swichi, waya, balbu na king'ora vyote vilikuwa hai mwisho wa safari. Wapo wanaokata waya wa king'ora kwa sababu kinaamsha watu bandarini. Mtu wa namna hiyo ameng'oa ulimi wa mlinzi wake kwa vile anaongea.

Upande wa pili wa ugonjwa ni taa inayowaka na kugoma kuzimika. Hapa hakuna ubishi wala majaribio safarini: injini inazimwa, kijiti cha oili kinachomolewa na kutazamwa. Oili ikiwa imejaa, waya wa swichi unachomolewa. Taa ikibaki inawaka hata waya ukiwa unaning'inia hewani, waya huo umechubuka mahali fulani na unagusa chuma. Taa ikizimika, kuna mambo mawili tu: ama swichi ni mbovu, ama oili kweli haina mgandamizo. Kauli ya "ni swichi tu hiyo" imeua injini nyingi, na fundi anayeitamka kabla hajafunga geji ya kupimia mahali pa swichi hastahili kulipwa.

Ukiuliza kwa nini balbu, soketi na nyaya vinavyodumu miaka mingi kwenye gari hufa mapema kwenye boti, jibu liko hewani. Chumvi ya bahari hufyonza unyevunyevu, hivyo tone lililokauka leo linalowa tena usiku. Shaba isiyopakwa bati hunywa maji hayo kwa ndani, chini ya ganda la plastiki, na kugeuka kutoka wekundu hadi kahawia hadi unga wa kijani. Waya unaweza kuwa mzima kwa nje huku ndani umebaki nyuzi tatu. Ndiyo maana nyaya za boti zilizotengenezwa kwa kazi hiyo zina nyuzi za shaba zilizopakwa bati, na ndiyo maana waya wa gari, ulionunuliwa dukani kwa bei nafuu, ni deni litakalodaiwa baadaye. Paneli nayo mara nyingi imefungwa nje, penye jua la mchana na rasharasha za mawimbi. Mpira unaozunguka kioo hupasuka, maji huingia, na soketi za balbu huanza kuota kutu kama vyuma vya kitanda cha pwani.

Mahali pabaya kuliko pote hupaoni kutoka kwenye usukani. Ni plagi kubwa ya plastiki inayounganisha nyaya za injini na nyaya za paneli, kwa kawaida nyuma ya injini, mahali penye joto, mtikisiko na ukungu wa chumvi. Pini zake zote hukaa bega kwa bega. Moja ikianza kutu, taa moja hufifia. Zikishika kutu nyingi, paneli nzima huwa na wazimu. Taa zinamemeteka kila injini inapotetemeka. Moja ikiwaka, nyingine inapungua nguvu. Pengine taa isiyohusika hung'aa kwa mbali, kwa sababu waya wa kurudishia umeme umekatika na umeme, ukikosa njia yake, unatafuta ya jirani na kupita kinyumenyume ndani ya balbu ya mwenzake. Anayefukuza taa mojamoja katika hali hiyo atashinda kutwa nzima chini ya sakafu. Taa nyingi zikiugua siku moja, ugonjwa ni mmoja, na uko mahali zinapokutana: fyuzi, plagi, au waya wa kurudi.

Wenye Yanmar wanaijua plagi hiyo kwa dalili nyingine. Kitufe kinabonyezwa, kunasikika "tik", stata haizunguki. Kinabonyezwa tena, "tik". Betri inapimwa, ni nzima. Umeme wa kuamsha stata unasafiri kutoka kwenye injini hadi kwenye paneli na kurudi, mita kadhaa kwa waya usio mnene, ukipita kwenye plagi ileile mara mbili, na ukifika mwisho hauna nguvu ya kuvuta kitu. Wengi hufunga rilei karibu na stata na tatizo huisha. Lakini "tik" hiyo, ikisikika kwenye boti ambayo taa zake pia zimefifia, ni ushahidi wa pili dhidi ya mshitakiwa yuleyule.

Multimita hutoa hukumu kwa tarakimu. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma takriban 12.6 hadi 12.8. Ufunguo ukiwashwa, kinachosomeka kwenye paneli kiwe karibu sana na hapo. Baraza la Marekani la Boti na Mashua, ABYC, ambalo viwango vyake hutumiwa na mafundi wengi, huruhusu nyaya za vitu vya usalama zipoteze asilimia 3 tu njiani, ambayo kwa volti 12 ni chini ya nusu volti. Paneli ikisoma 11 na betri 12.6, volti moja na zaidi imebaki mahali fulani barabarani, na kazi iliyobaki ni kutembea na ncha ya multimita kutoka kiungo hadi kiungo mpaka ipatikane. Pini husafishwa kwa msasa laini au dawa ya kunyunyiza, hukaushwa, hupakwa mafuta ya mgando, na hubanwa kidogo kwa koleo zishikane vizuri.

Taa ya betri inastahili kusimamiwa peke yake, kwa maana ndiyo inayowadanganya hata mafundi. Birika na kipimajoto hutoa habari tu; taa ya betri inafanya kazi. Katika alteneta nyingi za kawaida, umeme mdogo unaopita kwenye balbu hiyo huenda moja kwa moja ndani ya alteneta na kuutia usumaku wa kwanza kwenye koili inayozunguka. Bila usumaku huo alteneta inazunguka bure kama gurudumu la cherehani lisilo na uzi. Ikishaanza kuzalisha, inajilisha yenyewe, na volti ya upande wake inalingana na ya betri. Balbu sasa iko kama kamba inayovutwa na watu wawili wenye nguvu sawa: haiendi huku wala kule, hakuna umeme unaopita, inazimika.

Fikiria basi balbu hiyo inapoungua. Mwenye boti anaona kioo cheusi na kusema mambo ni mazuri, taa ya betri haiwaki. Alteneta haijaamka. Friji, redio na taa za usiku vinaila betri kidogo kidogo, na jioni stata inatoa mguno mmoja na kunyamaza. Pengine fundi anaitwa, anaibadilisha alteneta kwa gharama kubwa, na mpya nayo haichaji. Wakati mwingine injini ikipandishwa mzunguko kwa nguvu, mabaki ya usumaku kwenye chuma huiamsha alteneta ghafla, na hapo fumbo linazidi, kwa kuwa tatizo huja na kuondoka kama pepo.

Wapo pia waliojitafutia balaa kwa nia njema. Balbu ya zamani ya wati mbili au tatu huungua, na mahali pake panawekwa LED, inayong'aa zaidi na kudumu miaka. Ile ya zamani ilipitisha robo ampea hivi. LED hupitisha chini ya sehemu ya kumi ya hiyo, na alteneta nyingi haziamki kwa kiasi hicho. Dawa ni kurudisha balbu ya aina ileile, au kufunga kizuizi cha umeme cha takriban omu 50 chenye uwezo wa wati 5 sambamba na LED, ili umeme upate njia ya pili. Kwa birika na kipimajoto LED haina matata.

Taa ya betri ikiwaka katikati ya safari, mkono uende kwenye mkanda kabla ya kwenda kwenye waya. Katika injini nyingi mkanda mmoja unazungusha alteneta na pampu ya maji ya kupoza kwa pamoja. Ukikatika, betri ndiyo inayolalamika kwanza na kipimajoto kinafuata dakika chache baadaye. Ikiwa inawaka kwa mbali tu, kama makaa yaliyofunikwa majivu, kuna diodi iliyokufa ndani ya alteneta au kiungo kibovu kati yake na betri. Na swichi kuu ya betri isizimwe kamwe injini ikiwa inazunguka. Umeme unaozalishwa ukikosa pa kwenda hupanda ghafla na kuunguza diodi hizo, na taa ya betri itapata sababu halali ya kuwaka.

Kipimajoto ndicho kinachotisha zaidi, kwa sababu kinafanya kazi kinyume. Swichi yake huwa wazi injini ikiwa baridi na hufunga njia joto likifika nyuzi 95 hivi. Maana yake ni kwamba ufunguo ukigeuzwa asubuhi, taa hiyo haitakiwi kuwaka, kwa hiyo haijaribiwi. Katika paneli nyingi balbu yake inaweza kuungua mwezi wa kwanza na isijulikane mpaka mwaka wa tatu, siku ambayo mfuko wa plastiki umeziba tundu la maji. Kipimo cha kugusisha waya kwenye chuma, kilekile cha birika, kinafaa hapa, na kingefaa kufanywa kila msimu hata kama hakuna dalili ya ugonjwa. Swichi yenyewe inaweza kuchemshwa kwenye sufuria pamoja na kipimajoto cha jikoni, multimita ikiwa imeungwa, na mtu akaona kwa macho yake inafunga njia kwa nyuzi ngapi.

Hata ikiwa nzima, ina udhaifu wa kimaumbile. Imetengenezwa ikae ndani ya maji. Maji yakivuja yakaisha, inabaki kwenye hewa na mvuke, na inaweza kuchelewa kuwaka huku kichwa cha injini kinapinda. Impela ya mpira inayovuta maji ya bahari ikikatika, kinachopata moto mapema ni bomba la mpira la moshi, kwani maji yale ndiyo yanayolipoza. Ndiyo maana wengine hufunga kihisi cha joto kwenye bomba hilo, chenye king'ora chake, kitakachopiga kelele mapema kuliko kipimajoto cha paneli.

Wavuvi wa Afrika Mashariki wanaotumia mashine ndogo za Yamaha za kufunga nyuma ya boti, zisizo na paneli kabisa, wana taa yao ya aina nyingine: ule mchirizi mwembamba wa maji unaotoka ubavuni mwa mashine. Ukikatika, mkono unaoshika mpini unapunguza mafuta bila kuambiwa. Mashine kubwa za kisasa za mipigo minne za kampuni hiyohiyo hazimwachii mtu uamuzi. Oili ikikosa mgandamizo taa inawaka, king'ora kinalia, na mashine inajipunguza yenyewe hadi mizunguko 2,000 hivi kwa dakika.

Yote haya yanafaa kufanywa boti ikiwa imefungwa au imetia nanga. Usiku wa tarehe 29 Desemba 1972, ndege ya Eastern Air Lines namba 401, iliyotoka New York, ilikuwa inakaribia kutua Miami wakati taa ya gurudumu la mbele ilipokataa kuwaka. Marubani walipanda hadi futi 2,000, wakaiachia ndege ijiendeshe, na watu waliokuwa chumbani mle wakaanza kushughulika na kile kitaa. Mmoja akashuka chini ya sakafu kutazama gurudumu kwa macho. Katika shughuli ile mfumo wa kushikilia kimo ulijitoa, ndege ikaanza kushuka polepole gizani, mlio wa tahadhari ukalia na hakuna aliyeujali. Ilianguka kwenye kinamasi cha Everglades. Kati ya watu 176 waliokuwamo, 101 walikufa. Gurudumu lilikuwa limeshuka vizuri kabisa. Balbu ndizo zilizokuwa zimeungua. Nahodha aliye peke yake kwenye mkondo wenye miamba, kichwa kikiwa ndani ya paneli na bisibisi mdomoni, yuko katika ndege hiyo.

Halafu iko taa ambayo haijawahi kufungwa, na hiyo haina multimita ya kuipima. Mwenye boti asiye na kihisi cha bomba la moshi atasema ameishi bila hicho miaka kumi, na ni kweli. Hoja hiyohiyo iliwahi kutolewa na wakubwa zaidi. Mwaka 1985 nahodha mmoja wa kampuni ya feri iliyovuka kati ya Uingereza na bara la Ulaya aliandika kuomba taa kwenye chumba cha usukani, ya kumwonyesha kama milango ya mbele ya kupakilia magari imefungwa, kwani kutoka alipokaa hakuweza kuiona. Ombi lilirudiwa baadaye na wenzake. Ofisini lilijibiwa kwa dhihaka. Meneja mmoja aliona ni upuuzi kufunga taa ya kueleza kama mtu aliyelipwa afunge mlango ameamka na hajalewa.

Jioni ya tarehe 6 Machi 1987 feri ya kampuni hiyo, Herald of Free Enterprise, iliondoka Zeebrugge, Ubelgiji, kuelekea Dover. Baharia aliyepaswa kufunga milango alikuwa amelala chumbani kwake. Nahodha hakuwa na taa, na kwa kuwa hakuna aliyemletea habari mbaya, akachukulia kwamba habari ni njema. Kasi ilipopanda, bahari iliingia kwenye sitaha ya magari na meli ikalala ubavu kwa muda wa dakika moja na nusu hivi. Watu 193 walikufa.

Siku chache baadaye meli zilizobaki za kampuni ile zilifungwa taa hizo.